Mimi na kaka yangu wote tuna kisukari: moyo wangu uko hatarini kuliko wake?

*"Daktari, nina miaka 52, naishi Tanga. Niligundulika na kisukari miaka minane iliyopita, natumia metformini asubuhi na jioni. Kaka yangu ana miaka 55, naye ana kisukari na anavuta sigara. Mwaka jana alipata shambulio la moyo, akalazwa, sasa anaendelea vizuri. Yeye kapewa dawa ya kolesteroli, aspirini na dawa ya presha. Mimi sina kingine zaidi ya metformini. Kipimo changu cha sukari ya miezi mitatu kilikuwa 7.9, presha mara ya mwisho 148/88, wakaniambia imepanda kidogo tu, nipunguze mawazo. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 48. Kwenye mimba yangu ya mwisho nilipata sukari, ikaisha nilipojifungua. Sasa nimesoma kwenye simu kwamba mwanamke mwenye kisukari ana hatari ya moyo asilimia 44 zaidi ya mwanaume. Mume wangu anasema huko ni kutishana tu, moyo ni ugonjwa wa wanaume. Ila miezi miwili hii, nikipanda ngazi kwenda ghorofa ya pili kazini, pumzi inakata na nasikia uzito hapa chini ya kifua. Nikisimama kidogo unaondoka. Zahanati wamenipa dawa za vidonda vya tumbo. Je, ni kweli niko hatarini kuliko kaka? Na nianze kumeza aspirini kama yeye?"*

Dada yangu, umeuliza maswali mawili, lakini ndani ya barua yako kuna la tatu ambalo hukuliuliza. Nitaanza na hilo, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi.

Uzito chini ya kifua unaokuja ukipanda ngazi na kuondoka ukisimama, kwa mama wa miaka 52 mwenye kisukari cha miaka minane, lazima uchukuliwe kuwa ni wa moyo mpaka vipimo viseme vingine. Vidonda vya tumbo havijui ngazi. Vyenyewe hufuata chakula na njaa, huamsha mtu usiku, hutulia ukinywa dawa ya asidi. Kitu kinachofuata kazi ya mwili na kuondoka kwa kupumzika mara nyingi ni msuli wa moyo unaodai damu zaidi ya ile inayofika. Siwezi kukupima kwa barua, na huenda nimekosea. Lakini nenda wiki hii, usingoje siku yako ya kliniki. Omba rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa moyo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa.

Ukifika usiseme "nina gesi" wala "tumbo linanisumbua". Sema hivi hivi ulivyoniandikia: nina kisukari, nikipanda ngazi napata uzito na pumzi inakata, nikisimama unaondoka, na kaka yangu wa tumbo moja alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 54. Kwa maneno hayo, hakuna daktari makini atakayekurudisha nyumbani bila kipimo cha ECG. Na ECG ikisomwa kuwa nzuri huku umelala kitandani, usiridhike mapema. Kipimo hicho kinapiga picha ya umeme wa moyo uliotulia, nawe shida yako inakuja ukipanda. Uliza kama utafanyiwa ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kipimo cha moyo ukiwa unatembea kwenye mashine. Ikibidi utapelekwa mahali penye kuchunguza mishipa yenyewe, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam.

Uzito huo ukikujia umekaa tu, au ukapita dakika kumi na tano bila kuachia, au ukaja na jasho la baridi, kichefuchefu, maumivu ya taya, mgongo au mkono, hiyo si habari ya wiki hii tena. Ni ya saa hiyo hiyo. Tafuta gari uende hospitali, usiku wa manane au mchana. Njiani mtu akupime sukari kama glukomita ipo, maana sukari iliyoshuka nayo huleta jasho na mapigo ya haraka. Lakini msichelewe kuondoka kwa ajili ya kipimo hicho.

Sasa turudi kwenye asilimia 44.

Namba hiyo ni ya kweli, ila imekufikia ikiwa imekatwa kichwa. Ilitoka mwaka 2014, watafiti walipokusanya tafiti 64 zilizofuatilia watu zaidi ya 850,000 kwa miaka mingi. Swali lao halikuwa nani anaumwa moyo zaidi kati ya mwanamke na mwanaume. Waliuliza hivi: mwanamke mwenye kisukari tukimlinganisha na mwanamke mwenzake asiye nacho, hatari yake inapanda mara ngapi? Halafu wakauliza vivyo hivyo kwa wanaume. Kwa wanaume ilipanda kidogo zaidi ya mara mbili, kwa wanawake ikakaribia mara tatu. Walipolinganisha upandaji huo ndani ya kila utafiti, wa wanawake ukawa mkubwa kwa asilimia 44. Kilichozidi ni ule mruko, na kila mmoja anarukia pale alipokuwa amesimama.

Ngoja nitumie hesabu ya kubuni, ya kuelewesha tu. Chukua wanaume elfu moja wa umri wenu wasio na kisukari, tuseme katika miaka kumi mia moja kati yao watapata shambulio la moyo. Wanawake elfu moja wa umri huo huo, tuseme hamsini. Wote wape kisukari. Kwa wanaume mia inakuwa mia mbili. Kwa wanawake hamsini inakuwa karibu mia moja na hamsini. Unaona? Mwanamke bado yuko chini ya mwanaume. Lakini mwanzo alikuwa na nusu ya hatari ya mwanaume, na sasa ana robo tatu. Ile nafuu ambayo maumbile yalimpa, kisukari kimeila nusu yake.

Kwa hiyo wewe na mume wako mmekosea kila mtu kwa upande wake. Wewe umesoma kwamba uko hatarini kuliko kaka yako, na kwa hesabu tupu sivyo: yeye ni mwanaume, anavuta sigara, na ameshapata shambulio moja, jambo ambalo peke yake linamweka mbele yako kwenye foleni. Mume wako naye anasema moyo ni wa wanaume. Pengine angekuwa na kiasi cha ukweli kama ungekuwa na miaka 35, huna sukari wala presha. Kwa mwanamke mwenye kisukari, tena aliyekoma hedhi, maneno hayo yameshapitwa.

Wala si jambo jipya. Mji wa Framingham, Massachusetts, kule Marekani, ulianza kufuatiliwa na watafiti wa moyo mwaka 1948, watu wakipimwa tena na tena miaka nenda rudi. Mwaka 1979 walichapisha matokeo ya miaka ishirini kuhusu kisukari, na jambo lilikuwa wazi tayari: kisukari kilimuumiza mwanamke zaidi, kwa kipimo cha kumtofautisha na wenzake. Baadaye, mwaka 2004, ukaja utafiti wa INTERHEART uliochukua watu wa nchi 52, Afrika ikiwemo, na picha ikawa ile ile. Miaka yote hiyo, na bado mama anapimwa presha 148/88 anaambiwa apunguze mawazo.

Kwa nini iwe hivi? Maelezo hayajafungwa yote, lakini sehemu yake kubwa inaeleweka, na ukiielewa utajua kwa nini nakusukuma.

Anza na mafuta ya mwili. Mwanamke, hasa kabla ya kukoma hedhi, ana ghala zuri: nyonga, mapaja, makalio. Mafuta yakikaa chini ya ngozi huko hayana fujo sana. Mwanaume ghala lake ni dogo, likijaa mafuta yanamwagikia ndani ya tumbo, kwenye ini na kuzunguka kongosho, na huko ndiko yanakoharibu kazi ya insulini. Ndiyo maana unamkuta mwanaume mwenye kitambi cha wastani ana kisukari, na dada yake mnene kuliko yeye hana. Kule Scotland walipima uzito kwa urefu wa watu wakati wanagundulika, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yakaonyesha kwamba wanawake kwa wastani walikuwa wanene kuliko wanaume siku hiyo ya kugundulika.

Ukilisikia juu juu, jambo hilo ni sifa kwa wanawake, miili yao ni migumu kupata kisukari. Lakini ligeuze. Mwanamke akifika kwenye kisukari, amesafiri safari ndefu zaidi kufika hapo. Njiani presha imepanda polepole, mafuta mabaya ya damu yameongezeka, yale mazuri yamepungua, damu imekuwa rahisi kuganda, kuta za mishipa zimekuwa na uvimbe mdogo mdogo usiouma. Siku anayoambiwa "mama, una sukari", mishipa yake ina miaka mingi ya shida ambayo hakuna aliyeiandika kwenye kadi. Unasema una kisukari cha miaka minane. Mimi nikisoma barua yako nahesabu tangu ile mimba.

Ndiyo, ile mimba. Umeitaja kama habari iliyokwisha, na pengine mkunga alikupongeza kwamba sukari imeondoka. Kisukari cha mimba huondoka kweli, lakini kinakuwa kimeacha ujumbe. Mimba ni kama mtihani wa moyo na kongosho wa miezi tisa. Aliyefeli kwa upande wa sukari, au kwa upande wa presha na kifafa cha mimba, anakuwa ameonyeshwa mapema mwili wake utakuja kulegea wapi. Tafiti zilizojumlishwa pamoja mwaka 2019 zilionyesha kwamba wanawake waliopata kisukari cha mimba wana karibu mara mbili ya hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa kuliko wenzao, na hata wale ambao kisukari hakikuwarudia hawakusalimika kabisa. Ulitakiwa kupimwa tena wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hawaambiwi. Mtoto akishapata chanjo zake, mama anasahaulika.

Halafu kuna homoni. Estrojeni, homoni ya kike, husaidia mishipa ya damu kutanuka na kuweka mafuta ya damu katika mpangilio mzuri. Kisukari hakisubiri hedhi ikome ili kuharibu kazi hiyo. Kinaanza kuivuruga hata kwa binti wa miaka thelathini, ndiyo maana mwanamke kijana mwenye kisukari hapaswi kutegemea ile kinga ya ujana ambayo shoga zake wanayo. Hedhi ikikoma, kilichobaki kinapungua zaidi, mafuta yanahama kutoka nyonga kwenda tumboni, presha nayo inapanda. Najua utauliza kama homoni zinaweza kurudishwa kwa vidonge. Zipo, na zinawasaidia wanawake wanaoteswa na joto la ghafla na kukosa usingizi. Lakini hazitolewi kwa lengo la kulinda moyo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa mwaka 2002 kabla ya muda wake baada ya kuonekana kwamba mchanganyiko wa homoni mbili uliotumika ulileta madhara zaidi ya faida, saratani ya matiti na mashambulio ya moyo vikiwemo.

Jambo jingine ni ukubwa wa mishipa yenyewe. Kwa mwanaume, mara nyingi unakuta bomba kubwa la moyo limeziba mahali pamoja, unaliona kwenye picha, unaliwekea springi ya kulitanua. Kwa wanawake, hasa wenye kisukari, tunakuta zaidi hali ambayo mabomba makubwa yanaonekana safi, lakini vijishipa vidogo vinavyoingia ndani ya msuli wa moyo havitanuki inavyotakiwa. Mama anapigwa picha, anaambiwa mishipa yako mizuri, anarudi nyumbani na maumivu yake, na akirudi mara ya tatu anaonekana msumbufu. Ikiwa picha yako itatoka safi na uzito bado unakuja ukipanda ngazi, rudi tena, na waulize moja kwa moja kuhusu mishipa midogo.

Na kuna kukakamaa kwa moyo. Moyo wa mwenye kisukari na presha ya muda mrefu unaweza kusukuma damu vizuri tu, lakini ukashindwa kulegea kuipokea. Ni kama mfuko uliokauka: unaminyika, haufunguki. Damu inarudi nyuma kwenye mapafu, na pumzi inakata kwenye ngazi. Aina hii ya moyo kushindwa kazi huwapata zaidi wanawake. ECHO inasaidia kuigundua, mradi aliyeshika kifaa anajua kwamba asiangalie nguvu ya kusukuma peke yake.

Dalili nazo. Umesikia kwamba wanawake hawapati maumivu ya kifua. Si kweli. Maumivu au mbano wa kifua ndiyo dalili ya kwanza kwa wengi, wanawake kwa wanaume. Tofauti ni kwamba mwanamke mara nyingi anakuja na mzigo wa dalili nyingine juu yake: uchovu usioelezeka, kichefuchefu, maumivu ya mgongo katikati ya mabega, taya. Anayemsikiliza anachukua ile nyepesi kuliko zote, anaandika "tumbo". Kisukari kinaongeza tatizo kwa kulewesha mishipa ya fahamu, hata ile inayobeba maumivu ya moyo. Ni madhara yale yale yanayowafanya watu wakanyage msumari bila kujua. Shambulio la moyo linaweza kupita kwa mtindo huo huo. Nilipokuwa daktari mchanga nilimpa mama mmoja dawa ya tumbo kwa siku tano. Alirudi, tukapima, kumbe moyo ulikuwa umeshaumia kabla hata hajaja mara ya kwanza. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyejifunza kuuliza habari za ngazi.

Sasa dawa. Hapa nitasema wazi, maana ndipo wewe na kaka yako mlipotofautishwa pasipo sababu.

Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wanawake wenye kisukari hupewa dawa za kolesteroli mara chache kuliko wanaume wa hali ile ile, na presha na mafuta yao ya damu hayafikishwi kwenye lengo mara nyingi kama ya wanaume. Kaka yako alipewa dawa baada ya shambulio. Kwako tunataka iwe kabla. Mwenye kisukari aliyevuka miaka arobaini, miongozo mingi ya tiba inasema apewe statini, yaani dawa ya kushusha kolesteroli, hata kama hajawahi kuumwa moyo. Uliza kwa jina: atorvastatini au rosuvastatini. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya majaribio 27 yaliyojumuisha watu karibu 174,000, na faida ilikuwa sawa kwa mwanamke na mwanaume wa hatari sawa. Wale wanaosema statini haifanyi kazi kwa wanawake wanarudia habari ya zamani. Kuhusu hofu kwamba inaharibu ini, watu wengi sana wanameza statini miaka mingi bila tatizo. Daktari atapima ini mwanzoni, na ukisikia misuli inauma mwili mzima utamwambia. Inaweza kupandisha sukari kidogo, ni kweli, na bado kwa mtu kama wewe faida inazidi mbali. Ila binti au mdogo wako mwenye kisukari ambaye bado anatarajia kushika mimba aongee na daktari kabla ya kuimeza. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa kadhaa za presha, kama losatani na enalaprili, ambazo humdhuru mtoto tumboni.

Presha ya 148/88 kwa mwenye kisukari si "kidogo tu". Tunataka iwe chini ya 130/80 kama mwili unaivumilia. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa kisukari, na matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba kundi lililoshushwa presha hadi wastani wa 144/82 lilipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44 kuliko kundi lililobaki kwenye wastani wa 154/87. Namba ile ile iliyokutisha kwenye simu, safari hii iko upande wako. Na angalia makundi hayo yalitofautiana kiasi gani: pointi kumi tu kwa namba ya juu.

Sukari yako ya 7.9 ningependa iwe karibu na 7, lakini sitaki utumie nguvu zako zote hapo ukaacha presha na mafuta. Watu wetu wamefundishwa kwamba kisukari ni sukari, wakishaona glukomita imesoma saba wanaona wamemaliza. Moyo unalindwa na vitu vitatu kwa pamoja, na kwa uzoefu wangu, presha na mafuta ndiyo vinavyosahaulika. Siku hizi kuna dawa za sukari zinazolinda na moyo wenyewe. Empagliflozini, kwa mfano, katika utafiti uliotoka mwaka 2015 wa watu wenye kisukari waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo, ilipunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38. Bei yake bado ni mzigo, kwa hiyo uliza kama bima yako inailipia. Na nikwambie jambo ambalo madaktari wanaume wengi wanaona haya kulitaja: dawa hizo hutoa sukari kupitia mkojo, kwa hiyo zinaongeza fangasi ukeni, wanawake wakisumbuka zaidi. Wengi wanaziacha kimya kimya kwa sababu hiyo. Fangasi hiyo inatibika. Ukiipata sema, usiache dawa kwa aibu.

Aspirini ya kaka yako, hapana. Yeye ameshapata shambulio, kwake hesabu ni nyingine. Kwa mwenye kisukari ambaye hajapata, utafiti wa ASCEND uliochapishwa mwaka 2018, wa watu zaidi ya 15,000, ulionyesha aspirini inapunguza matatizo ya mishipa kwa asilimia 12 na kuongeza kutokwa damu kwingi kwa asilimia 29. Na wewe bado hatujui tumbo lako likoje. Ikiwa vipimo vitaonyesha mishipa ya moyo imeziba, daktari ataiandika mwenyewe, pengine pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Hadi hapo, vidonge vya kaka vibaki kwa kaka. Mdalasini na kitunguu swaumu kwenye mchuzi havina ubaya, ila visichukue nafasi ya kidonge.

Kuhusu chakula sitakupa orodha, umeshazisikia kliniki. Nikuambie mawili tu kwa kuwa uko Tanga. La kwanza ni nazi. Najua samaki bila tui ni adhabu huko kwenu, wala sikukatazi. Lakini tui zito la kwanza lina mafuta mengi ya aina inayopandisha kolesteroli, na likiingia kwenye wali, maharage, mchicha na samaki siku hiyo hiyo, ni mengi. Chagua sahani moja ipate nazi. La pili ni chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa siku ndicho kikomo cha mtu mzima, nacho kinajumlisha ya kwenye mkate, kachumbari na vile vipande vya viungo vya kutia kwenye mchuzi. Kama unapikia mkaa au kuni ndani, fungua dirisha au toa jiko nje, moshi huo nao unaingia kwenye hesabu ya moyo. Kutembea kwa haraka dakika thelathini, siku tano kwa wiki, ndiyo dozi ya mazoezi, lakini usianze mpaka habari ya ngazi imechunguzwa. Kwa sasa panda polepole, na ukisikia uzito simama.

Siku ya kwenda, beba dawa zako zote pamoja na zile za tumbo, na kadi ya kliniki. Kama kadi ya ile mimba bado ipo kabatini, ichukue. Omba wapime mafuta ya damu, figo kwa kreatinini, na protini kwenye mkojo, kwa kuwa protini hiyo mara nyingi huonekana mapema kabla ya moyo na figo kulalamika. Mume wako aende nawe, aingie ndani ya chumba, asibaki kwenye benchi. Lile alilolisema kuhusu ugonjwa wa wanaume amuulize daktari mwenyewe.

Na ukiweza kununua mashine ya presha ya nyumbani, chukua inayofungwa mkono wa juu, ile ya kwenye kifundo cha mkono huwa inadanganya kwa urahisi. Kaa dakika tano bila kuongea, pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa wiki moja, na uandike kwenye daftari. Ukienda na daftari hilo, hakuna atakayekuambia tena upunguze mawazo.